Shajara ya mradi: CYP3A4 na kwinini ndani ya mikrosomi za ini la binadamu

10 Februari 2025. Tunachopima na kilichopo mezani

Kwinini hutoka kwenye gome la sinkona, mti wa Amerika ya Kusini ambao Wajerumani waliupanda Amani, Milima ya Usambara, na ambao mpaka leo unalimwa upande wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Ini la binadamu huishughulikia hasa kwa kubandika hidroksili kwenye nafasi ya 3. Zao lake ni 3-hidroksikwinini, na kimeng'enya kinachotajwa kufanya kazi hiyo ni CYP3A4. Tunataka kujua kasi ya kazi hiyo kwa kila miligramu ya protini ya mikrosomi (vipande vidogo vya utando wa seli za ini vinavyobeba vimeng'enya hivi), na kama kweli CYP3A4 ndiyo inayobeba mzigo.

Jambo lenyewe si la maabara tu. CYP3A4 huchochewa na rifampisini na huzuiwa na ketokonazoli na ritonaviri. Aliye kwenye dawa za kifua kikuu anaweza kuiondoa kwinini mwilini kabla haijamaliza kazi. Aliye kwenye ritonaviri anaweza kubaki nayo nyingi damuni, masikio yakavuma kuliko kawaida.

Vifaa: mikrosomi zilizochanganywa kutoka maini ya watu wengi, 20 mg/ml, vichupa 4 vya ml 0.5 (yaani mg 10 kila kimoja), kwinini hidrokloridi, 3-hidroksikwinini safi ya kulinganishia, NADPH (inayokipa kimeng'enya elektroni za kufanyia kazi), bafa ya potasiamu fosfeti 0.1 M, pH 7.4, HPLC (mashine inayotenganisha vitu kwa kuvisukuma ndani ya kolamu kwa presha) yenye kigunduzi cha mng'ao, kolamu ya C18, mm 150 × 4.6, chembe za µm 5.

Gharama tunaziandika kwa miligramu za protini. Ndicho kitu kinachoisha kwanza, na bei ya kukileta kwenye barafu kavu haitabiriki.

Anayetaka kuiga tu aanzie 11 Machi, akichukua mpangilio wa kolamu kwenye 24 Februari na namna ya kusimamisha kwenye 4 Machi. Mengine yaliyotangulia ni ya kujua kwa nini hatua fulani zipo.

17 Februari. Njia ya mkato, bila HPLC: imeshindwa

Kwinini hung'aa vizuri sana kwenye asidi: ukiipiga mwanga wa nm 350 inatoa buluu ya nm 450 hivi. Wazo lilikuwa kuatamisha kwinini na mikrosomi kwa nyuzi 37, kusimamisha kwa asidi, na kusoma moja kwa moja jinsi mng'ao unavyopungua. Ingeokoa kolamu na viyeyushi vyote.

Mirija 20 ya ml 0.5, protini 1 mg/ml, dakika 60. Usomaji haukushuka. Kwenye mirija mingine ulipanda.

Sababu ni tatu, na zote zilikuwa zinajulikana kabla ya kushika pipeti:

Kwanza, kinachong'aa ni pete ya kwinolini, na kimeng'enya hakiigusi. Hidroksili inaingia upande wa pili wa molekuli, kwa hiyo zao linang'aa karibu sawasawa na kwinini yenyewe. Unapima jumla ya vyote viwili, na jumla haibadiliki.

Pili, NADPH nayo inang'aa, kwa nm 340 na 460, yaani karibu palepale. Ikishatumika na kuwa NADP haing'ai tena, na ikikaa kwenye asidi inaharibika. Kwa hiyo kila mrija ulikuwa na mng'ao wa NADPH unaotegemea ulisimamishwa lini na ulisubiri muda gani kabla ya kusomwa. Ndiyo maana ya ule upandaji.

Tatu, asidi iliyotumika ilikuwa ya hidrokloriki. Kloridi huzima mng'ao wa kwinini. Wanafunzi wa kemia huonyeshwa jambo hilo kama mfano wa darasani: mM 10 tu ya kloridi yatosha kuuangusha kwa nusu au zaidi.

Uamuzi: kuanzia hapa tunapima kuonekana kwa zao, si kupotea kwa kwinini, na lazima vitenganishwe kwanza.

Gharama: kichupa kizima, mg 10.

24 Februari. Kolamu: mkia, halafu mwanga ukazimika

Siku hii hatukutumia mikrosomi, ni kwinini na zao safi tu. Kimiminika kinachopita kwenye kolamu (mezani tunakiita maji ya kolamu) kilikuwa fosfeti mM 20, pH 2.8, na asetonitrili asilimia 12, ml 1 kwa dakika.

Kwinini ilitoka na mkia mrefu, kama wino uliodondoka kwenye karatasi. Ni besi, na silika ya kolamu ina sehemu zisizofunikwa ambazo huvuta besi na kuzikwamisha. Dawa ya kawaida ni kuongeza besi nyingine izijaze sehemu hizo, nasi tukaongeza triethilamini mM 10 na kurudisha pH 2.8 kwa asidi.

Mkia ukakatika. Lakini kilele chake kwenye mchoro wa kigunduzi nacho kikabaki karibu theluthi ya urefu wake, na eneo lake vilevile, kwa hiyo haikuwa suala la umbo. Tulikagua taa, tukasafisha seli ya kigunduzi, tukabadilisha sindano. Saa tano zikaenda. Kosa lilikuwa kwenye chupa: asidi iliyorudisha pH ilikuwa hidrokloriki ileile. Kuituliza triethilamini mM 10 na kuishusha fosfeti mpaka 2.8 kunaacha kama mM 15 ya kloridi ndani ya maji ya kolamu, na ndani ya maji hayo ndimo kwinini inamoogelea inapopita mbele ya taa. Kloridi ya kwenye sampuli hutangulia kutoka kolamuni na haidhuru kitu. Ikiwa kwenye maji ya kolamu haina pa kwenda.

Tulimwaga lita 2, tukatengeneza upya kwa asidi ya fosforiki, mng'ao ukarudi. Chupa ya hidrokloriki imehamishiwa kabati jingine.

Mpangilio unaofanya kazi: zao dakika ya 4, kwinini ya 9, na kilele kidogo dakika ya 12.

Kilele hicho cha 12 kisimdanganye mtu kuwa ni metaboliti, yaani zao la kimeng'enya. Ni dihidrokwinini, ndugu yake wa kwenye gome, anayesafiri nayo hadi dukani. Vitabu vya viwango vya dawa huruhusu mpaka asilimia 10. Kwenye kopo letu ni kama asilimia 5 ya eneo la kwinini. Alama ya kumtambua: yupo kwenye mrija wa dakika sifuri, na haongezeki.

4 Machi. Chumvi iliyoziba vali

Mirija 20 kama ya 17 Februari, safari hii ikisimamishwa kwa asidi perkloriki asilimia 6, µl 250 kwa kila ml 0.5, juu ya barafu. Perkloriki huangusha protini vizuri na haina kloridi huru. Tulijiona werevu.

Baada ya sentrifuji, chini ya kila mrija kulikuwa na protini kama ilivyotarajiwa, na juu yake tabaka la fuwele nyeupe zinazometameta kama sukari ya unga. Maji ya juu yalionekana safi, yakaingizwa kwenye mashine. Sampuli ya sita presha ikaruka, ya saba mashine ikajizima.

Fuwele hizo ni potasiamu perklorati. Bafa yetu ni ya potasiamu, na chumvi hiyo huyeyuka kidogo sana kwenye maji, kwenye barafu ndiyo kabisa. Iliyobaki juu ilikuwa imefika ukomo wa kuyeyuka, na ilipokutana na asetonitrili ikaganda ndani ya vali ya kuingizia sampuli.

Njia ni mbili: kubadili bafa iwe ya sodiamu, au kuacha perkloriki. Tumeacha. Sasa tunasimamisha kwa methanoli baridi, ujazo sawa na mchanganyiko, dakika 10 kwenye barafu, sentrifuji 10,000 g dakika 10. Kabla ya kuingiza, maji ya juu yanaongezwa maji ya kawaida mara tatu, la sivyo methanoli nyingi inapanua kilele cha zao kinachotoka mapema.

Vali ilisafishwa kwa maji ya vuguvugu ml 0.2 kwa dakika usiku kucha. Kolamu ilipona, kichujio cha mbele hakikupona.

Gharama: mg 10 nyingine, kichujio 1. Nusu ya mikrosomi imekwisha, na hatuna hata namba moja.

11 Machi. Kupunguza: muda na protini

Vichupa viwili vilivyobaki vimegawanywa sehemu za µl 50, mg 1 kila moja, jumla 20, zikarudishwa −80. Kuyeyusha mara hii moja si neno. Kuyeyusha kichupa kizima kila wiki ndiko kunakoua.

Ujazo umeshushwa hadi µl 200. Kwinini 5 µM. Protini 0.1, 0.25, 0.5 na 1 mg/ml. Dakika 5, 10, 15, 30 na 60. Kila moja mara mbili. Mikrosomi huchanganywa kwa kugeuza mrija taratibu. Ukitikisa mpaka povu, protini iliyo kwenye povu imekwenda.

Kwa 1 mg/ml na dakika 60, yaani masharti yale yale ya Februari, zaidi ya nusu ya kwinini ilikuwa imeliwa. Kasi inayotoka hapo haina maana, kwa sababu kimeng'enya kilianza na 5 µM kikamaliza na 2 na kitu. Hata tungetenganisha vizuri tangu mwanzo, namba zingekuwa za uongo.

Mstari unabaki mnyoofu mpaka dakika 15 kwa 0.25 mg/ml, na kwinini inayoliwa haizidi asilimia 5. Tumefunga hapo: µl 200, protini 0.25 mg/ml, dakika 5 za kupasha moto, NADPH mM 1 ya kuanzisha, dakika 15.

Kila mrija sasa unatumia mg 0.05 badala ya 0.5. Kichupa kilichotoa mirija 20 kingetoa 200. Jaribio hili lingefaa kuwa la kwanza.

Mirija ya ulinganisho, kila siku: bila NADPH, bila mikrosomi, dakika sifuri, na mikrosomi iliyochemshwa. Mirija yote imefunikwa karatasi ya alumini, kwa kuwa mwanga wa dirishani huibadilisha kwinini na kuleta vilele vidogo visivyo na mwenyewe.

Gharama: sehemu 4.

19 Machi. NADPH iliyolala

Mfululizo wa kwanza wa Km, yaani kiasi cha kwinini kinachokifikisha kimeng'enya nusu ya kasi yake ya juu. Vipimo saba, 5 hadi 400 µM, mirija mitatu kila kipimo. Kasi zote zilikuwa chini ya nusu ya zile za 11 Machi kwenye kipimo tulichoweza kulinganisha.

Kilichobadilika ni kimoja: NADPH ilikuwa imeyeyushwa jana yake kwenye bafa ya fosfeti na kulala kwenye friza ya −20. NADPH haipendi asidi, na fosfeti huharakisha kuharibika kwake. Kipimo cha haraka ni mwanga wa nm 340: 0.1 mM kwenye seli ya sm 1 inatakiwa kusoma 0.62. Yetu ilisoma 0.29.

Utaratibu mpya: inapimwa ikiwa unga, inayeyushwa asubuhi hiyohiyo kwenye bafa ya Trisi pH 8.5, inakaa kwenye barafu, inasomwa nm 340 kabla ya kutumika, na inayobaki inamwagwa. Inauma, lakini mikrosomi ni ghali zaidi.

Gharama: sehemu 2.

26 Machi. Mfululizo wa Km, mara ya pili

Umekwenda bila tatizo. Mirija ya 200 na 400 µM ilizidi uwezo wa kigunduzi kwenye kilele cha kwinini, lakini hatukihitaji. Kilele cha zao kilikuwa ndani ya mstari wa vipimo.

Kasi ya juu 1.1 nmol kwa dakika kwa mg. Km 112 µM.

Gharama: sehemu 2.

7 Aprili. Namba iliyosahihishwa bila kugusa mrija

Wakati wa kuandaa akiba mpya ya kwinini (myeyusho mkali unaochotwa kidogo kidogo), hesabu ya uzito haikulingana na ile ya zamani kwenye daftari. Akiba ya mM 10 ilipimwa mg 32.4 kwa ml 10. Hiyo ni hesabu ya kwinini tupu, uzito wa molekuli 324.4. Lililomo koponi ni hidrokloridi yenye molekuli mbili za maji, 396.9, na ilitakiwa mg 39.7. Akiba ilikuwa mM 8.2, si 10.

Kasi ya juu haibadiliki, kwa kuwa zao lilipimwa kwa kiwango chake chenyewe. Km inashuka kwa uwiano uleule: 112 inakuwa 92 µM. Majaribio yote ya nyuma yalikuwa na kwinini pungufu kwa asilimia 18 kuliko yalivyoandikwa.

Mwenye sulfeti awe mwangalifu zaidi: molekuli moja ya chumvi hiyo ina kwinini mbili. Uzito 783.0 kwa chumvi yenye maji mawili, kwa hiyo mM 10 ya kwinini ni mg 39.15 kwa ml 10, na iyeyushwe kwenye methanoli kwani kwenye maji inasumbua.

Asilimia 5 ya dihidrokwinini hatukuiondoa kwenye hesabu. Ni ndogo kuliko tofauti kati ya mrija na mrija.

Lebo ya kila chupa sasa ina uzito wa molekuli wa chumvi iliyomo, kwa kalamu nyekundu.

16 Aprili. Vizuizi

Kuona kama ni CYP3A4 kweli, tunaizima na kuangalia kasi. Kwinini 5 na 90 µM, kila kizuizi mirija mitatu.

Ketokonazoli 1 µM: kasi imebaki kama moja ya saba. Usiongeze hadi 10 kwa kutaka jibu kali zaidi. Kwa kiasi hicho inaanza kuzuia na vimeng'enya vingine, na jibu haliihusu tena CYP3A4 peke yake.

Sulfafenazoli 10 µM, ya kuzuia CYP2C9, kimeng'enya kingine cha ukoo huohuo: hakuna tofauti.

Troleandomisini 100 µM: mara ya kwanza ilizuia kidogo tu. Tuliiweka pamoja na kwinini. Hii hufanya kazi baada ya kugeuzwa na CYP3A4 yenyewe, kisha bidhaa hiyo ikaking'ang'ania kimeng'enya. Lazima itangulie na NADPH dakika 15 kwa nyuzi 37, ndipo kwinini iingie. Na mrija usio na kizuizi nao upitishwe dakika zilezile 15 na NADPH, kwa sababu mikrosomi hupoteza nguvu zikikaa hivyo hata bila dawa. Ukimlinganisha aliyekaa na ambaye hakukaa, utaisifu troleandomisini kwa kazi ya joto. Baada ya marekebisho, jibu lake linakaribiana na la ketokonazoli.

Kiyeyushi: vizuizi vyote sasa viko kwenye methanoli, jumla asilimia 1 kwenye mrija, na ulinganisho unapata methanoli ileile. DMSO kwa asilimia 1 ilishusha kasi hata pasipo kizuizi.

Kisha kwinidini. Vitabu husema itumike 1 µM kuzima CYP2D6, ndugu mwingine wa CYP3A4, na kwa dawa nyingine ni sawa. Kwa kwinini ni kujitafutia taabu. Kwinidini ni kwinini ileile iliyogeuzwa mkao: inang'aa vilevile, nayo huwekewa hidroksili nafasi ya 3 na CYP3A4, na zao lake linatoka kolamuni karibu sana na la kwinini. Kwenye mirija ya 5 µM kilele cha zao kilipanda kidogo. Kizuizi kinachoongeza kasi. Majibu hayo yametupwa. Kwa sababu hizohizo kwinidini haifai kuwa kiwango cha ndani (kitu kinachoongezwa kwa kiasi kinachojulikana kwenye kila mrija ili kurekebisha kinachopotea njiani), ingawa inashawishi.

Badala yake tumetumia vimeng'enya kimoja kimoja vilivyotengenezwa kwenye seli: CYP2D6 haikutoa zao linaloonekana, CYP2C19 ilitoa kidogo, CYP3A4 ilitoa kwa wingi. Ni ghali, lakini mrija mmoja wa kila aina ulimaliza ubishi.

Gharama: sehemu 3.

28 Aprili. Kutoka mrija hadi ini

Kasi ya juu gawanya kwa Km, yaani 1.1 gawanya kwa 92, ni µl 12 zinazosafishwa kwinini kwa dakika kwa mg. Ini la gramu 1,500, mikrosomi mg 40 kwa gramu: mg 60,000, yaani ml 720 kwa dakika. Ukiishia hapo utasema ini linasafisha nusu ya damu inayopita. Hapana. Kwinini nyingi damuni imeshikwa na protini, na kimeng'enya kinaona iliyo huru tu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kwinini iliyo huru ikiwa asilimia 20 (720 inakuwa 144), na damu ya ini ml 1,500 kwa dakika, usafishaji unashuka hadi ml 131, yaani 1,500 × 144 gawanya kwa 1,644. Kwa asilimia 30 ni 189, kwa 10 ni 69.

Tofauti kati ya 69 na 189 haitoki kwenye kimeng'enya hata kidogo. Malaria kali hupandisha protini inayoshika kwinini, na iliyo huru inapungua. Kwa hiyo anayechukua 12 yetu kukadiria kwa mgonjwa atafute kwanza kipimo cha kwinini huru, kisha ndipo ahangaikie desimali za Km.

12 Mei. Friza

Umeme ulikatika usiku na jenereta haikuwaka. Asubuhi friza ilisoma −52. Haikufunguliwa mpaka iliporudi −80.

Sehemu 9 zilikuwa ndani. Moja imejaribiwa kwa kwinini 90 µM, masharti ya 11 Machi: 0.51 nmol kwa dakika kwa mg, ilhali mstari wa 26 Machi unatoa 0.54. Ziko hai. Hata hivyo 8 zilizobaki zimewekewa alama ya tarehe ya leo na hazitatumika kwa Km mpya. Ni za mtu anayejifunza kupima kabla hajafungua kichupa kipya.

Jumla ya protini mpaka leo: mg 32, na 20 kati yake ziliisha kabla ya 11 Machi.